Masika ya Pesa ya Wote

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo mchana bila hodi wala taarifa. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa yote kambani. Tulitoka mbio watu watatu, mimi, wifi yangu na Kola, tukaanua tulichowahi, lakini kamba ya nyuma ilirowa yote, ikabidi kila kitu kikamuliwe upya na kutandazwa ndani, juu ya milango na migongo ya viti. Sasa duka linanuka sabuni na unyevu, na hakuna la kufanya ila kungoja. Dobi wakati wa masika ana muda mrefu wa kukaa na kuyachukia mawingu. Nimeona heri muda huo niuandike.

Niseme sisi ni nani, maana uzee ukifika huenda nikasoma haya nikajiuliza. Duka lilikuwa la marehemu mume wangu. Alipoondoka aliniachia duka, mama yake mzazi na dada yake. Watoto hatukujaliwa. Wifi ndiye anayefua. Mimi napokea nguo, nasuuza, naweka wanga, nagombana na wateja. Kola ndiye mpiga pasi; jina hilo alipewa kwa sababu anaweza kuinamia kola moja ya shati mpaka ukadhani anaiombea. Mama mkwe hushinda nyumbani, chumba cha mbele, akifuatilia mtaa kupitia dirishani. Wifi analala chumba cha nyuma. Wote, pamoja na Kola mchana, wanakula kwangu. Sisemi kwa kujivuna.

Labda kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Tumeitwa mkutanoni kwenye uwanja wa shule. Aliyesimama mbele ni dada mmoja kijana, amevaa viatu vya mvua vilivyomzidi miguu, akasema mradi wao umeuchagua mtaa wetu mzima. Kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, mwenye duka na asiye na kitu, mlevi na mcha Mungu, atatumiwa pesa kwenye simu yake kila mwezi kwa miaka miwili. Kiasi kimoja kwa wote. Hairudishwi. Hakuna atakayekuja kufunua sufuria zetu aone tumenunua nini. Wanataka kujua, alisema, kama umaskini utapungua mtu akipewa kwanza sakafu ya kukanyaga kabla ya kuambiwa apande.

Watu walinyamaza kama waliosikia habari ya msiba, wakingoja kuambiwa wa nani. Muuza nyama ndiye aliyeuliza wa kwanza: mnachukua nini chetu? Hatuchukui kitu. Muuza mboga akauliza kama pesa yake itapitia kwa mumewe. Akaambiwa hapana, kila mtu na simu yake. Upande wa wanawake ukavuma kidogo, kama nyuki wakihama.

Nami nilinyoosha mkono. Nilimuuliza kwa nini anipe mimi mwenye duka langu. Akajibu kwamba wakianza kuchagua, nusu ya pesa italiwa na kuchagua kwenyewe, na aliyechaguliwa atanyooshewa kidole mtaani: yule pale, maskini wa mradi. Nikamuuliza tena kama hawaogopi watu wataacha kazi. Akasema, "Hilo ndilo tumekuja kujifunza, mama. Wewe unaonaje?"

Nikamwambia kukaa ni kutamu kwa kila ambaye hajafunzwa kusimama. Watu walicheka, nikajisikia vizuri. Wifi alikuwa kando yangu. Hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yake mapajani.

Jumatano, 12 Machi

Mtaani hakuna mazungumzo mengine. Wameshaibatiza jina: pesa ya wote. Kola amesema siku hiyo ikifika atapiga pasi akiwa ameketi.

Jumatatu, 17 Machi

Tumeandikishwa. Mama mkwe hakuwa na simu, nikamnunulia moja ndogo ya mkono wa pili. Alimuuliza dada wa mradi kama na marehemu wanahesabiwa, kwa sababu mumewe alikuwa mtu mzima kuliko wote aliowahi kuwajua. Dada wa mradi alijitahidi asicheke, akashindwa.

Ijumaa, 28 Machi

Siku nne bila jua. Mwenye nyumba ya wageni ameleta malalamiko pamoja na mashuka: yananuka uvundo. Ananong'ona kama mtu anayeficha siri, lakini ananong'ona mbele ya wateja wengine. Nimemwambia amlalamikie Mungu. Wifi ameyarudia yote, akatia dawa ya kung'arisha mara mbili. Leo ametumia kijiko kula, na si kawaida yake. Nikafikiri ni maringo mapya.

Jumanne, 1 Aprili

Imeingia. Mimi na wifi tulikuwa tunakunja shuka kubwa, kila mtu ameshika pembe zake, simu ya Kola ikalia. Akasoma, akasema hizi ni mbinu za siku ya wajinga, hadanganyiki mtu hapa. Kisha ikalia ya wifi. Aliachia shuka. Shuka safi, lililokwisha kupigwa pasi, likaanguka sakafuni, wala hakuomba radhi. Aliisoma simu ile kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

Yangu ikalia mwisho. Nimeamua kutoigusa. Sijapata kuwa mtu wa kupewa. Ibaki humo humo kwenye simu, siku wakiihitaji waje waichukue.

Jumatano, 2 Aprili

Kola hakuja.

Alhamisi, 3 Aprili

Kola hakuja. Nimepiga pasi mwenyewe, nimeunguza shati la mwalimu. Nilijua wataacha kazi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama mkwe amejinunulia ugoro. Miaka yote alikuwa akiniomba, nami nikimpa pamoja na neno moja mbili kuhusu kifua chake. Leo amemwita mwenye kibanda kupitia dirishani, akalipa, akachukua chenji, akavuta huku ananitazama usoni.  Nami sikuwa na neno, kwa sababu neno langu lilikuwa likitoka pamoja na ugoro.

Jumamosi, 5 Aprili

Kola amerudi, macho mekundu, shati limepigwa pasi kama la bwana harusi. Sikumpa salamu. Nikamwambia nilisema mkutanoni na leo nimethibitisha. Akakubali bila ubishi kwamba alikunywa siku ya kwanza na ya pili, na kwamba ya tatu alilala. "Halafu nikaamka nikaona bado nina pesa ya chakula cha mwezi," akasema, "na hakuna mtu wa kumtania. Nikaja." Kisha akaomba nimkate siku tatu, ni haki yangu. Nikamkata. Amepiga pasi mpaka jioni, amesimama.

Jambo hili linanisumbua. Alikuwa na uwezo wa kutorudi. Siku zote nilidhani anakuja kwa sababu ya njaa, na nilimheshimu kwa kiasi hicho hicho.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekaa na kalamu hii tangu tulipomaliza kula na sijui nianzie wapi.

Leo baada ya chakula wifi hakuinuka kukusanya vyombo. Alibaki kitini, akasema amepata chumba. Kile cha nyuma ya karakana ya seremala, ng'ambo ya barabara, chenye kiwanja kidogo. Ameshalipa. Atahama kesho.

Nilimuuliza nimemkosea nini. Akasema sijamkosea. Nikamwambia mtu haondoki mahali ambapo hajakosewa. Akafikiri, kisha akasema, "Wifi, nataka tu kuwa na mlango wa kufunga. Nikiufunga uwe umefungwa."

Halafu akaniambia la pili. Amekwenda zahanati, kwa pesa hiyo. Daktari amesema ngozi ya mikono imeungua kwa sabuni na dawa, na asipoipumzisha vidonda vitafika mahali pabaya. Asiguse sabuni mpaka vifunge. Akaigeuza mikono viganja juu, akaiweka mezani katikati ya sahani. Mikono hii naiona kila siku, ikibeba beseni, ikinipa chai. Sijui imekuwaje sikupata kuiona upande wa ndani. Kati ya vidole palikuwa pamepasuka kama udongo wa kiangazi.

Hapo ningenyamaza. Badala yake nilisema. Nilimkumbusha nani alimpokea alipoachika, nani alimlisha, nani alimvisha, nani alisimama na mama yake kipindi chote cha ugonjwa. Nilisema na mengine. Nilisema pesa za bure zimempanda kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayengoja mvua ikatike ili avuke. Kisha akakusanya vyombo, akavipeleka jikoni, akaviacha kwenye beseni bila kuviosha, kwa sababu ya ile sabuni, akaingia chumbani.

Mama mkwe alikuwa bado mezani. Nilimgeukia, nikitaraji aseme binti yake hana adabu. Akasema, "Umemhesabia tonge."



Jumatatu, 7 Aprili

Wifi amehama. Mizigo yake ilikuwa mifuko miwili, na jirani mmoja alitosha kumsaidia. Nilitegemea iwe mingi zaidi, kwa miaka yote hiyo.

Mchana mama mkwe naye akaomba ashikwe mkono avushwe barabara. Amesema anakwenda kumtazama mwanawe. Alibeba mkeka wake na ile simu niliyomnunulia. Mtu wa kwenda kutazama habebi mkeka.

Nimepika kipimo kile kile cha kila siku. Mkono haukujua.

Alhamisi, 10 Aprili

Natafuta mfuaji. Nimekwenda kwa muuza mboga, maana mwaka jana masika alikuja mwenyewe kuomba kibarua, nikamwambia nafasi hakuna. Nikamtajia ujira. Aliuuliza mara mbili, si kwamba hakusikia, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba kwa kiasi hicho atabaki na wanawe. Nikamwambia mwaka jana ungekubali. Akasema, "Mwaka jana ningekubali, mama. Mwaka jana watoto walikuwa wanalala na njaa."

Nilirudi dukani nimekasirika, nikamsimulia Kola nikitafuta wa kuniunga mkono. Alikuwa na shati mkononi. Akasema yeye anaona muuza mboga hajakataa kazi, amekataa bei. Nikamwambia anyamaze apige pasi. Akanyamaza, akapiga pasi, lakini kwa kelele.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri, nzito, ya kunyooka. Kamba tupu. Nafua mwenyewe, kidogo kidogo, nguo zinanilemea kama maiti.

Kutoka mlangoni kwangu naona kiwanja cha wifi. Amepanga makopo matupu, ya maziwa, ya rangi, safu kwa safu, na ndani yake ameotesha miche: mipapai, pilipili, nyanya. Sikujua kwamba anajua hayo. Nilisimama nikiilaani mvua, naye alikuwa ametoka nje bila mwavuli, amenyoosha kiganja, anaipokea. Mvua hiyo hiyo. Kwangu inaniharibia kazi, kwake inamfanyia kazi.

Aliniona. Alinipungia mkono. Nilijifanya natazama kamba.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimeweza kushika kalamu leo tu, na kwa shida.

Jumatano usiku kucha ilinyesha, na mtaro wa barabarani ukaziba takataka. Alhamisi nilipofungua duka, maji yalikuwa yameshaingia, yanafika vifundoni, ya rangi ya chai ya maziwa. Mashuka yote ya nyumba ya wageni nilikuwa nimeyaacha chini, kwenye marobota, tayari kupelekwa. Yalikuwa yameelea, yamezama, yamenyonya matope yote ya mtaa. Na mwenye nyumba ya wageni alikuwa na kundi la wageni wanaofika Ijumaa jioni. Alikuwa ameshaniambia kwamba nikichelewa tena safari hii atampa kazi mtu mwingine. Bila yeye duka halilipi hata pango.

Nilisimama ndani ya maji yale. Zamani ningeita tu. Ningesema wifi, njoo, na angekuja. Nilikuja kugundua kwamba mdomo ulikuwa umeshafunguka kuita.

Nikaitoa simu. Pesa ya wote ilikuwa imekaa humo, haijaguswa, kama mgeni aliyeachwa sebuleni. Nikaenda kwa muuza mboga, nikamtajia ujira wa kweli, maradufu ya ule wa kwanza, unaolipwa siku hiyo hiyo. Hakuuliza mara mbili. Alimwita na mdogo wake, wakafunga vitenge viunoni. Kumbe Kola alikuwa na haki, na sijamwambia mpaka sasa.

Kisha nikavuka barabara.

Mlango wa wifi ni wa mbao mpya, na ulikuwa umefungwa. Sikuwahi kubisha hodi kwa mtu wa nyumbani mwangu, na sikujua hata nibishe kwa sauti gani. Alifungua. Mama mkwe alikuwa kitandani nyuma yake, ananyoosha shingo aone. Nilieleza kilichotokea. Nikasema, "Sijaja kukuagiza. Nimekuja kuomba."

Alinitazama. Akasema kufua hawezi, mikono ndiyo kwanza inafunga. Nikasema nimeelewa, na nikageuka niende, na kweli nilikuwa nimeelewa. Sikuwa na hasira, nilikuwa na aibu tu ya kuja. Nilikuwa nimefika katikati ya barabara niliposikia mlango wake ukifungwa na hatua zake nyuma yangu. Alikuwa ameshika ndoo mbili. "Kufua siwezi," akasema tena. "Maji nitabeba."

Tulifanya kazi siku nzima. Kola na mdogo wa muuza mboga waliyatoa maji dukani kwa mabeseni, wakazibua mtaro kwa mti mrefu. Wifi alibeba maji safi kutoka bombani, ndoo baada ya ndoo. Mimi na muuza mboga tulifua. Matope hayatoki kwa sabuni peke yake. Nilitia dawa, nikasugua, nikatia tena. Kufika mchana mikono ilikuwa inawaka. Nilitamani kuiacha, lakini robota la tatu lilikuwa bado. Na hiyo ni siku moja tu; wifi amefua miaka. Nilisugua nikiuwaza ule ukoko wa vidonda kati ya vidole vyake, na nikiuwaza ule ulimi wangu wa Jumapili ile.

Jua halikuonekana. Wifi na Kola walifunga kamba ndani, wakawasha majiko ya mkaa, milango wazi, wakawa wanageuza mashuka kama mtu anayebanika samaki. Leo mchana Kola alimaliza la mwisho. Yamepelekwa. Si meupe kama siku zote, lakini ni safi, na hayanuki.

Jana magharibi, wengine walipokwisha kulipwa na kwenda, tulibaki mimi na wifi tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Nilitaka kumlipa naye. Akakataa. Nikamwambia maneno yale ya Jumapili sikupaswa kuyasema. Akachezea mpini wa ndoo.

"Unajua wifi," akasema, "miaka yote hiyo sikujua kama nakaa kwako kwa kuwa nakupenda au kwa kuwa sina pa kwenda. Ukiwa huna pa kwenda huwezi kujua."

Nikamuuliza, "Na sasa?"

"Leo nilikuwa na mahali pa kubaki," akasema. "Nimekuja."

Jumanne, 22 Aprili

Mama mkwe amerudi, na mkeka. Sababu zake ni kwamba paa la kule linavuja, kwamba wifi anaongea na miche kuliko anavyoongea na yeye, na kwamba dirisha la kule linatazama ukuta. Atalala kwangu, mchana atakula kule. Nikamwambia sawa, mama. Akanikaribisha ugoro wake. Mimi sivuti. Nimevuta. Nimepiga chafya mpaka machozi.

Alhamisi, 1 Mei

Pesa ya wote imeingia mara ya pili. Kola alikuja kazini, kachelewa nusu saa, ananuka pombe kidogo.

Jumapili, 4 Mei

Nisidanganye kwenye karatasi yangu mwenyewe kwamba kila kitu kimekuwa asali. Mwenye chumba cha wifi amepandisha kodi, anasema si mnalipwa bure. Wapangaji wa vyumba vinne wakamwendea pamoja, wakamwambia watahama wote siku moja. Zamani, wifi amenisimulia, kila mmoja angekwenda kulia peke yake. Amepunguza, lakini nusu ya nyongeza imebaki. Mume wa muuza mboga ametaka simu ya mkewe, wakapigana. Sasa simu inalala sandukuni kwa muuza nyama, na muuza mboga hutembea na ufunguo wa sanduku shingoni. Na mimi nimepandisha bei ya kufua ili nimlipe muuza mboga, ambaye sasa ndiye mfuaji wangu, anavyostahili. Nimepoteza wateja wawili. Mwenye nyumba ya wageni alinong'ona kwamba ananihama, akazunguka mtaa mzima, akakuta na dobi mwingine kapandisha kwa sababu zile zile. Amerudi. Ananong'ona bado.

Dada wa mradi alipita, akaniuliza kama watu wameacha kazi, nilivyosema mkutanoni. Nikamwambia kuna walioacha kunifanyia mimi kazi kwa bei yangu. Akataka kuandika, akasita, akaniuliza kama hilo ni jema au baya. Nikamwambia masika bado hayajaisha.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imepungua, inakuja vipande vipande.

Nimefikiri juma zima, leo nimevuka. Nimemwambia wifi kwamba duka lilikuwa la kaka yake, na nataka tugawane: nusu yake, nusu yangu. Asifue, asimamie tu, tuajiri. Nilikuwa nimejipanga kwa machozi, yake au yangu.

Alikuwa anahamisha mche wa mpapai kutoka kopo dogo kwenda kubwa. Akanishukuru, akaniambia hataki. Nusu ya kazi asiyoipenda, akasema, ni kazi asiyoipenda. Wiki hii ameuza miche thelathini kwa mwalimu mmoja anayeanzisha shamba, na mwezi ujao anataka mia. Udongo haumchomi mikono. Kwa kweli imekuwa mizuri, ina weusi kwenye kucha, lakini imefunga.

Niliumia, sikatai. Nilikuwa nimetoa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikaona kwamba hata hiyo nusu, moyoni, nilikuwa nampa ili arudi akae ninapoweza kumwona. Ameniambia hapana kama muuza mboga alivyoniambia, kwa upole, amesimama kwenye sakafu yake. Mwaka huu nimeambiwa hapana nyingi kuliko maisha yangu yote. Sijafa.

Alhamisi, 15 Mei

Jua siku nzima. Kamba zote tano zimejaa. Nilisahau mashuka makavu yanavyonukia.

Jumapili, 25 Mei

Leo wifi alikuja kutuona. Sikumwalika. Alibisha hodi mlango wa mbele, amevaa gauni ambalo sijapata kuliona, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mama mkwe alimkaribisha kama mtu aliyetoka safari. Nikamuuliza wifi ana shida gani, maana ndivyo nilivyozoea kumuuliza mtu anayekuja kwangu.

"Sina shida," akasema. "Nimekuja kukaa."

Akakaa. Kwenye kiti cha mbele, kile cha wageni, akaegemea, akanyoosha miguu. Miaka yote aliyoishi humu sikumbuki kumwona kwenye kiti kile. Kila alipokaa alikaa ukingoni, sikio moja likiwa jikoni. Tuliongea habari za mpangaji wa chumba cha tatu, za Kola aliyemnunulia binti yake sare za shule na sasa anatembea mtaani kama waziri, za mpapai mmoja uliokataa kuota. Mama mkwe alituhakikishia kwamba mvua zimekwisha, magoti yake yamemwambia.

Hazikuwa zimekwisha. Wingu moja lilijileta kutoka upande wa shule, na matone makubwa yakaanza kugonga bati. Mashuka yalikuwa kambani. Niliruka. Kwa mazoea nikamtazama wifi, naye alikuwa ameshashika mikono ya kiti ainuke.

Kisha akaiachia. Akarudi kuegemea.

"Mimi leo mgeni," akasema.

Nikatoka peke yangu. Nilianua kamba ya kwanza, ya pili, vibanio vinanidondoka, mvua inanipiga mgongoni, na ndani nawasikia mama na bintiye wakinicheka kwa sababu nilikuwa nimesahau viatu. Nilirudi nimelowa chapachapa, mzigo kifuani, maji yananitiririka puani. Alikuwa ameshafungua sufuria yake na kunipakulia mimi kwanza, mnofu mkubwa, sahani imewekwa mahali pangu.

Hakuinuka kunipokea mzigo. Alibaki kitini vile vile, miguu imenyooka, anacheka. Nilisimama mlangoni na mashuka yangu yaliyolowa nikimtazama, na sijapata kufurahi hivyo kwa kumwona mtu amekaa.